Franklin Naye Tumsome kwa Kiswahili

Ndugu wazazi, na ninyi wanafunzi mnaosomewa jarida hili au mnaolisoma wenyewe,

Mwezi ujao darasa la wakubwa litaanza somo la Jumamosi nne juu ya Benjamin Franklin. Tangu ratiba itoke nimeulizwa na wengi wenu, baadhi kwa upole na baadhi kwa sauti ya juu kidogo pale mlangoni wakati wa kuchukua watoto: kulikoni? Muda wetu ni mfupi. Ngeli zinawashinda watoto, methali hawazijui, ukiwatajia Shaaban Robert au Kinjekitile wanakutazama tu. Sasa tuchukue Jumamosi nne tumpe Mmarekani ambaye sura yake iko kwenye noti ya dola 100, na ambaye shule za hapa zitawafundisha mpaka wachoke?

Hoja hiyo ina nguvu. Lakini mimi naishika hiyohiyo na kuigeuza: kwa kuwa watafundishwa huko, ndiyo maana nataka wafundishwe na hapa.

Wasikilize watoto wetu nyumbani. Wanaamkia vizuri, wanaomba chai, wanajua kumwambia bibi kwenye simu kwamba hawajambo na shule ni nzuri. Mazungumzo yakipanda kidogo, yakigusa sheria, nyota, ugonjwa au kura, wanahamia Kiingereza, nasi tunahamia nao bila kujijua. Mwisho mtoto anaamini kuwa Kiswahili ni lugha ya wali na samahani, na mambo mazito yana lugha yake nyingine. Imani hiyo hatukumfundisha kwa maneno, tumemfundisha kwa kunyamaza. Kwa hiyo nikitafuta somo la kuivunja, nalitafuta palepale ambapo yeye anadhani Kiswahili hakifiki.

Na kwa Franklin Kiswahili kinafika mbele ya wengine. Mzazi, jaribu hili leo jioni. Muulize mwanao: ile nuru inayopasua mawingu wakati wa mvua inaitwaje? Umeme. Na kile kinachowasha taa na friji? Umeme. Wenzetu wa Kenya husema stima, lakini umeme wanaujua pia. Wazee wetu walikuwa na neno hilo kwa nuru ya mawinguni kabla waya wa kwanza haujafika pwani, na waya ulipofika wakaona kitu kilekile, wakakiita jina lilelile. Kwa Kiingereza ni maneno mawili yasiyofanana hata kidogo. Ilibidi mtu athibitishe kwamba cheche inayoruka unaposugua kioo kwa kitambaa, na radi inayochoma ghala, ni ndugu wa tumbo moja. Mtu huyo ndiye Franklin. Mtoto anayesoma habari hizi kwa Kiswahili anaanza akiwa na jibu mdomoni, na kazi yake inakuwa kuuliza: walijuaje?

Walijuaje, basi. Picha za vitabuni zinamwonyesha mzee na mtoto mdogo wakirusha tiara, au kishada kama wengine wenu mnavyokiita, halafu radi inakipiga. Karibu kila kitu katika picha hiyo kina kasoro. Franklin hakuwa mzee, alikuwa na miaka 46. Mwanawe William hakuwa mtoto, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Na radi haikukipiga kile kishada, maana ingekipiga tusingekuwa na somo. Ilikuwa Juni 1752, Philadelphia. Kamba ya katani ililowa mvua ikapitisha chaji kutoka kwenye wingu mpaka kwenye ufunguo uliofungwa chini yake. Mkononi alishika utepe wa hariri mkavu ili chaji isimfikie. Alipousogeza ufundo wa kidole karibu na ufunguo, cheche ikaruka. Akaikusanya chaji hiyo katika chupa maalumu, ikafanya yote ambayo chaji ya kusugua kioo hufanya. Wafaransa walikuwa wamemtangulia kwa wiki chache: tarehe 10 Mei mwaka huo, huko Marly-la-Ville, walisimamisha chuma kirefu kwa kufuata maelezo aliyoyaandika yeye mwenyewe, wakapata cheche. Habari zilikuwa hazijavuka bahari.

Wanafunzi, mnapoomba chaja mnatumia neno alilolieneza yeye. Betri vilevile: alilichukua kwenye mizinga ya jeshi iliyopangwa safu, akalipa chupa zake. Na kuita upande mmoja chanya na mwingine hasi ni mpango wake. Haya yote tunayo kwa Kiswahili, tena kwa maneno mafupi.

Kazi ya kwanza ya nyumbani itakuwa hii: mpigieni simu bibi au babu, popote alipo, mwulizeni walifanya nini radi ilipokuwa ikipiga. Najua baadhi ya majibu yatakayorudi. Vioo vilifunikwa kanga. Mtu hakuruhusiwa kuvaa nguo nyekundu mvuani. Kuna waliosema radi hutumwa na mtu mwenye chuki. Yaandikeni yote kama yalivyosemwa, na msimcheke mtu. Ulaya wakati huohuo walikuwa wakipiga kengele za makanisa kufukuza radi, na wapiga kengele wengi walikufa wakiwa wameshika kamba, kwa kuwa mnara ndio unaopigwa kwanza. Franklin alisema: weka fimbo ya chuma yenye ncha juu ya paa, uiunge kwa waya mpaka ardhini, radi ipite hapo iache nyumba. Walikuwapo waliomwambia anaingilia kazi ya Mungu. Na walikuwapo waliokufa kwa kutokuwa waangalifu. Mwaka 1753 profesa Richmann wa St. Petersburg aliuawa akifanya jaribio la namna hiyo ndani ya nyumba yake. Hili nawaambia watoto mara mbili: tiara hairushwi wingu likitanda. Mara mbili.

Wazazi mliotoka Kivu mtatuelewa haraka kuliko wengine, kwa kuwa milima ya mashariki ya Kongo ni miongoni mwa mahali duniani panapopigwa na radi nyingi zaidi. Na mwaka 2011, nchini Uganda, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya ikaua watoto zaidi ya kumi wakiwa shuleni. Fimbo ya chuma na waya wake wameshapita miaka 250. Mtoto wetu akikua akawa mhandisi au akawa na fedha za kuchangia shule ya kijiji cha babu yake, nataka awe amelisikia hili kwa lugha ambayo anaweza kumweleza mwalimu mkuu wa huko.

Siasa yake nitaipitia haraka, maana shule za hapa huifundisha vizuri. Hakuwahi kuwa rais, ingawa nusu ya watoto wanadhani alikuwa. Alikuwa mtoto wa 15 wa mtengeneza sabuni na mishumaa wa Boston, akasoma shule miaka miwili tu, akawa mchapaji, akatajirika, akaacha biashara akiwa na miaka 42 ili afanye majaribio. Sifa ya radi ndiyo iliyomfungulia milango. Alipotumwa Ufaransa mwaka 1776 kuomba msaada wa vita, alifika akiwa mtu ambaye Paris yote ilishamjua, na mwaka 1778 mkataba wa ushirikiano ukatiwa sahihi. Alitia sahihi tangazo la uhuru, mkataba huo, mkataba wa amani wa 1783 na katiba ya 1787. Ni yeye peke yake aliyetia sahihi zote nne. (William, yule wa kishada, alibaki upande wa mfalme. Baba na mwana hawakupatana tena. Wale mnaogombana na vijana wenu juu ya siasa za huku na za kule, kaeni mkijua kwamba jambo hilo lina historia.)

Ninapotaka kukaa zaidi ni pale ambapo shule za hapa hupita haraka.

Kwanza, huyu bwana angetulalamikia sisi. Mwaka 1751 aliandika insha juu ya ongezeko la watu, na mwaka 1753 akaandika barua, akinung'unika juu ya Wajerumani waliohamia Pennsylvania. Wanakaa pamoja, alisema kwa maana hiyo, hawajifunzi Kiingereza, wana magazeti yao, hata vibao vya mitaani vimeandikwa kwa lugha mbili. Aliogopa watoto wao wangeifanya Pennsylvania iwe ya Kijerumani. Katika insha ileile aliuliza kwa nini waletwe Waafrika, wakati ilikuwapo nafasi ya kuwaongeza watu weupe, na hata Wajerumani wengi hakuwahesabu kuwa weupe wa kutosha. Na mtu huyuhuyu, mwaka 1732, alikuwa amechapisha gazeti la Kijerumani kwa kuwa aliona lina wanunuzi! Mwaka 1764 wapinzani wake waliyafufua maneno hayo wakati wa uchaguzi, Wajerumani wakampigia kura ya kumkataa, akapoteza kiti chake. Mwaka 1787, akiwa mzee sana, alitoa pauni 200 kusaidia kuanzisha chuo cha Wajerumani haohao, mjini Lancaster, na chuo kikapewa jina lake.

Shule yetu ni ya aina aliyoiogopa. Watoto wanaokuja hapa Jumamosi badala ya kulala au kucheza mpira wana haki ya kujua kwamba mabishano juu ya lugha ya mhamiaji yana umri mkubwa kuliko nchi hii, na kwamba wajukuu wa wale Wajerumani walijifunza Kiingereza bila nchi kuanguka. Siku mtu atakapowaambia dukani waongee Kiingereza, wawe na la kufikiria zaidi ya aibu.

Pili, alimiliki watu. Hili hatulifichi na hatulisemi kwa haraka. Kwa miaka mingi nyumbani kwake walikuwapo watumwa, na tunayajua majina ya baadhi yao: Peter, Jemima, King, Othello, George. Gazeti lake lilichapa matangazo ya kuuza watu na ya kutafuta waliotoroka. Alipokwenda London mwaka 1757 alifuatana na Peter na King. King alitoroka. Walipompata huko Suffolk alikuwa kwa mama mmoja aliyempeleka shule, akajifunza kusoma na kuandika, na kupiga fidla na baragumu. Habari hizo Franklin mwenyewe alimwandikia mkewe. Nataka darasa likae juu ya King angalau nusu saa. Waulizwe: kama barua ile ingeandikwa na King, ingesema nini? Waiandike kwa Kiswahili.

Halafu waone alivyobadilika, na kwa sababu gani. Mwaka 1758 shule ya watoto weusi ilifunguliwa Philadelphia, na Franklin alikuwa mmoja wa waliopendekeza. Mwaka 1763 aliitembelea, akakaa akasikiliza watoto wakisoma. Baadaye aliandika kwamba amepata fikra ya juu zaidi kuhusu akili za watu weusi kuliko aliyokuwa nayo, kwamba watoto wale wanashika upesi na wanakumbuka sawa na watoto weupe. Ni mwanasayansi, akaona ushahidi, akakiri. Lakini aliendelea kumiliki watu miaka mingi baada ya siku ile. Mimi hilo silisamehi upesi, na sitawataka watoto walisamehe. Mwaka 1787 aliongoza chama cha kupigania kukomesha utumwa cha Pennsylvania, na mwaka huohuo akatia sahihi katiba iliyolizuia Bunge kuikomesha biashara ya watumwa kabla ya 1808. Mnataka nini kwa mtu kama huyo? Wanafunzi wenyewe waseme.

Februari 1790 chama chake kilipeleka ombi Bungeni, likiwa na sahihi yake. Mbunge mmoja wa Georgia, James Jackson, akalipinga kwa hotuba ya kuutetea utumwa. Franklin alikuwa mgonjwa, amebakiza wiki chache za kuishi. Akaandika tashtiti, ikachapwa gazetini mwezi Machi. Alibuni kiongozi wa Algiers, Sidi Mehemet Ibrahim, akamfanya atoe hotuba ya miaka mia iliyopita kutetea kuwafanya Wakristo kuwa watumwa. Tukiwaachia, nani atalima mashamba yetu kwenye joto hili? Kwao si walikuwa hali mbaya zaidi? Hapa si wanapata dini ya kweli? Hoja zote zilikuwa za Jackson, ila sasa aliyefungwa minyororo alikuwa mtu mweupe. Alikufa tarehe 17 Aprili.

Baadhi yenu mtakwazika, na mna haki, kwa kuwa amemtumia Mwislamu wa kubuni ili kuwatia aibu Wakristo, naye alijua wasomaji wake wanamwonaje mtu wa Algiers. Tutawaambia watoto hivyo hivyo. Mshale uliyemlenga ni Jackson, lakini upinde aliuazima kwenye chuki za watu wake. Wanafunzi wa miaka 14 wanaweza kabisa kuyashika mambo mawili kwa pamoja.

Lakini jiandaeni. Mtoto akishayasikia yote hayo kwa Kiswahili, akayarudisha nyumbani kwa Kiswahili, swali litakalofuata mezani ni: na sisi je? Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulibaki halali Unguja na Pemba mpaka 1897, na pwani ya Kenya mpaka 1907. Katika shule hii kuna familia ambazo babu zao waliuzwa pale Mkunazini, zipo ambazo babu zao walinunua, na zipo zenye wote wawili katika ukoo mmoja. Hili ndilo wazazi wengine hasa wanaloliogopa kuhusu somo la Franklin, hata kama kinachotajwa ni ngeli. Nami nasema afadhali liulizwe nyumbani kwenu, kwa lugha yenu, na ninyi mmekaa karibu, kuliko mtoto alikute peke yake katika kitabu cha mtu mwingine akajiuliza mbona mlinyamaza.

Kuna kisa kimoja zaidi ambacho nakiomba kila mzazi akisome na mwanawe. Mwaka 1721 ndui iliingia Boston. Mchungaji Cotton Mather alikuwa ameelezwa na mtumwa wake Mwafrika, aliyeitwa Onesimus, jinsi kwao walivyochanja: unachukua usaha wa mgonjwa, unautia kwenye mkato mdogo wa ngozi, mtu anaugua kidogo halafu haugui tena. Daktari Boylston akajaribu. Mji ukamcheka, eti Mwafrika atufundishe utabibu? Waliokufa kwa ndui mwaka ule walikuwa 844. Kati ya watu zaidi ya 240 aliowachanja Boylston walikufa sita. Gazeti lililoongoza kejeli lilikuwa la James Franklin, na kijana wa miaka 15 aliyekuwa akipanga herufi pale alikuwa mdogo wake, Benjamin. Miaka 15 baadaye Benjamin alikuwa ameshaamini chanjo, lakini mwanawe Francis, mtoto wa miaka minne, alikuwa hajachanjwa. Ndui ikamchukua. Katika kitabu cha maisha yake aliandika kwamba alijuta maisha yake yote, na aliandika hivyo ili wazazi wengine wasikie. Jina la Onesimus liwe ubaoni siku hiyo, kwa herufi kubwa sawa na la Franklin.

Na kwa wale wanaolilia ngeli: nazo zitapata haki yao. Franklin alijifundisha kuandika kwa njia ambayo tutaiiga. Alichukua makala nzuri, akaandika dokezo fupi la kila sentensi, akaiweka kando siku kadhaa, halafu akaiandika upya kwa maneno yake na kulinganisha na ya asili aone alipokosea. Sisi tutatumia makala za magazeti ya Kiswahili. Alipojifunza Kitaliano, mwenzake alikuwa akimvuta kwenye mchezo wa sataranji, wakakubaliana kwamba anayeshinda atampa mwenzake kazi ya sarufi au tafsiri. Tunao mbao mbili za bao pale shuleni. Atakayefungwa atapewa ngeli ya ki-vi na sentensi kumi, na mzazi atakayekaa kucheza naye akifungwa atapewa vilevile.

Jumamosi ya kwanza kila mwanafunzi alete chanuo la plastiki na vipande vidogo vya karatasi, tuone cheche kabla ya kusoma. Jaribio hufaulu siku ya baridi kavu, nywele zikiwa hazina mafuta, kwa hiyo kina mama, tafadhali, mafuta yangoje mpaka jioni. Majibu ya bibi na babu yaandikwe kwa mkono, yaje wiki ya pili. Tiara tutarusha wiki ya nne kukiwa na jua. Wingu likitanda tutabaki ndani na bao letu.